Mchanga Ndani ya Pawa Benki

Uliye nyumbani, uliye kwenye daladala, wewe dereva wa bodaboda uliyeegesha hapo kijiweni, na wewe unayenisikiliza gizani kwa sababu umeme umekatika tangu saa kumi: karibuni nyote. Hasa wewe wa gizani. Mazungumzo ya jioni hii ni yako.

Nataka tuzungumze kuhusu pawa benki. Simaanishi ile nyembamba ya kutia mfukoni, ya kuokoa simu mara moja unapotoka msibani. Hiyo kila mtu anaijua. Nazungumzia ile kubwa, ambayo mtu anainunua akitegemea ichaji simu na laptopu, imvushe usiku mzima wa kazi. Huko ndiko watu wanakopigwa. Nami nilipigwa, kwa hiyo nianze na aibu yangu mwenyewe.

Ilikuwa mwishoni mwa 2023, mgao umeshika kasi. Mnaukumbuka ule mgao. Mtaani kwetu umeme ulikuwa unakuja kama mgeni wa heshima: hukai naye sana, na akiondoka hujui atarudi lini. Nina kazi ya kuandika, laptopu imebaki na asilimia kumi na moja. Nikapita kwa kijana mmoja aliyetandaza bidhaa zake juu ya turubai pembeni ya stendi. Pawa benki nyeusi, inang'aa, ina tochi, na juu yake imeandikwa kwa tarakimu nyeupe kubwa: 50,000 mAh. Bei, elfu ishirini na tano. Nikabembeleza, akashuka mpaka ishirini na mbili, nikaondoka najiona mjanja wa mjini.

Nikafika nyumbani. Nikachomeka simu iliyokuwa imezima. Ikapanda, ikapanda, ilipofika asilimia sabini pawa benki ikakata roho. Nikaijaza tena usiku kucha, asubuhi nikaijaribu kwenye laptopu. Hola! Taa ya chaji haikuwaka hata kwa bahati mbaya.

Nikampelekea fundi simu wa mtaani kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu nitazamie hii."

Akaipokea, akaipimapima mkononi, akaitikisa karibu na sikio, akacheka hata kabla ya kuifungua. "Mzee wangu, umepigwa." Akapenyeza bisibisi bapa kwenye mshono, ganda likaachia. Ndani kulikuwa na seli mbili za duara, kama betri za tochi ila nene kidogo, zimevishwa plastiki ya bluu. Pembeni yake, kimebandikwa kwa gundi, kifuko cha nailoni. Ndani ya kifuko, mchanga.

Mchanga, msikilizaji. Mtu amekaa mahali, akapima mchanga, akautia kwenye kifuko, akaufunga, ukapanda meli ukavuka bahari kuja Dar es Salaam, mji ambao Coco Beach iko palepale na mchanga wake haulipiwi.

Sasa jiulize: mchanga wa nini? Aliyeutia hakuutia kwa utani. Aliutia kwa sababu anajua wanunuzi tumeanza kuerevuka, tunapima uzito. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye uzito, tufike kwanza kwenye ile namba, ile 50,000.

Zile herufi tatu, m ndogo, A kubwa, h ndogo, ni miliampia-saa. Ni kipimo cha kweli, sikikatai. Lakini ni nusu ya habari. Ni sawa na mtu kukwambia gunia lake lina debe sita bila kukwambia ni debe sita za mahindi au za pumba. Kipimo kamili cha umeme uliohifadhiwa ni wati-saa. Na wati-saa, ndugu yangu, unazijua tayari. Unazinunua kila mwezi. Ukiweka LUKU, zile uniti unazoingiza kwenye mita, uniti moja ni wati-saa elfu moja. Hiyo ndiyo kilowati-saa. Basi.

Kwa hiyo ukitaka kujua pawa benki ina kiasi gani kweli, igeuze mgongo juu, tafuta maandishi madogo, tafuta herufi Wh. Hizo ndizo wati-saa. Ukizikosa, zitafute mwenyewe: chukua ile namba ya mAh, igawe kwa elfu, kisha zidisha kwa 3.7. Kwa nini 3.7? Kwa sababu seli ya lithiamu ya aina inayotumika kwenye pawa benki nyingi ina wastani wa volti 3.7. Elfu ishirini, gawanya kwa elfu, ni ishirini. Ishirini mara 3.7 ni 74. Kwa hiyo pawa benki ya 20,000 mAh ni wati-saa 74. Ile ya 10,000 ni 37. Narudia kwa aliyekuwa anatafuta kalamu: elfu ishirini ni wati-saa 74, elfu kumi ni 37.

Unaona sasa? Pawa benki ya elfu ishirini, tunayoiita kubwa, haifikii hata sehemu ya kumi ya uniti moja ya LUKU. Umeme wa kuijaza hauzidi shilingi hamsini. Nasema hivi ili matarajio yako yakae mahali pake. Pawa benki haikaangi chipsi. Pawa benki haipigi pasi. Ukisikia muuzaji anasema ya kwake inawasha friji, mwache aendelee kuongea na wengine.

Laptopu nyingi za kawaida zina betri ya wati-saa kati ya 40 na 60. Tuseme yako ina hamsini. Pawa benki ina 74. Je, utapata 74 zote? Hupati. Umeme ukitoka kwenye volti 3.7 kupandishwa hadi volti ishirini za laptopu, njiani kuna kinachopotea kama joto. Gusa pawa benki inapofanya kazi uone ilivyo vuguvugu. Hilo joto ni umeme wako unaokwenda zake. Weka akilini kwamba sehemu kama moja ya tano inaliwa njiani. Kwa hiyo kwenye 74 utavuna 55 mpaka 60. Laptopu ya hamsini itajaa mara moja, na chenji kidogo ya simu. Ile ya elfu kumi haikujazii laptopu. Itakupa nusu, au zaidi ya nusu kidogo.

Na hapa kuna jambo ambalo watu huligeuza kichwa chini miguu juu. Mtu ananunua pawa benki ya 20,000, anafika nyumbani anasoma maandishi madogo, anakuta imeandikwa: uwezo halisi 12,000 kwa volti tano. Anakasirika, anarudi dukani, anasema nimetapeliwa. Hujatapeliwa, bwana! Huyo ndiye mwaminifu. Ile 20,000 ni hesabu ya seli zikiwa ndani, kwenye volti 3.7. Ile 12,000 ni hesabu ya kinachotoka kwenye tundu, kwenye volti tano, baada ya kupanda na kupotea. Namba zote mbili ni za kweli. Wa kumwogopa ni yule aliyeandika namba moja tu, kubwa, mbele ya boksi, na nyuma hakuna kitu. Yangu ya mchanga, nyuma yake palikuwa na mchoro wa pipa la taka lenye alama ya kukatwa, na maneno ya Kiingereza yaliyokosewa. Wati-saa hazikuwepo.

Haya, uzito. Zile seli za duara alizonionyesha fundi zina jina, zinaitwa 18650. Si namba ya siri: milimita 18 upana, milimita 65 urefu, na sifuri ya mwisho inasema ni ya duara. Seli moja ina uzito kama gramu 45 hadi 50, na zilizo bora kabisa hubeba kama 3,500 mAh. Sasa piga hesabu nami. Kufikisha 20,000 unahitaji seli sita za daraja la juu kabisa. Sita mara gramu hamsini, gramu 300, na hapo hujaweka ganda wala saketi. Zile nyingine bapa, za kifuko cha fedha, hazipishani sana kwa uzito. Kwa hiyo pawa benki ya kweli ya 20,000 iko karibu gramu 350 au zaidi. Ya 30,000 inakaribia nusu kilo au inapita. Na hiyo 50,000 niliyoiamini mimi, ingekuwa ya kweli ingekaribia kilo nzima. Ningeona mkono unavyolemewa.

Yangu nilikwenda kuipima baadaye kwa muuza sukari, kwenye mizani ile ya kidijitali. Gramu 230, pamoja na mchanga.

Tuelewane vizuri hapa. Ikiwa nyepesi kuliko hesabu, ni ya uongo, hapana mjadala. Ikiwa nzito, bado haijathibitisha kitu, kwa sababu mchanga nao una uzito. Itikise. Seli zilizobanwa vizuri hazisemi. Kama ndani kuna kitu kinachochezacheza au kuchakacha, rudisha mezani, msalimie muuzaji, endelea na safari.

Mpaka hapa tumezungumzia ujazo, wati-saa. Lakini mbona laptopu yangu haikushtuka kabisa? Hata kama seli zilikuwa mbili tu, si ingechaji japo dakika kumi? Hilo ni la wati. Wati-saa ni ujazo, wati ni kasi ya kutoka. Fikiria dumu la lita ishirini lililojaa, lakini mdomo wake una upana wa mrija wa juisi. Maji yamo, ila huwezi kuoga. Tundu lile la zamani la mstatili, la USB ya kawaida, kwenye pawa benki za bei rahisi hutoa wati kumi. Simu inatosheka, laptopu hata haiitikii.

Kama umekaa karibu na laptopu yako sasa hivi, nyanyua chaja yake. Lile boksi jeusi la katikati ya waya. Ligeuze, tafuta neno Output. Utaona namba mbili, moja ina V, nyingine ina A. Pengine imeandikwa 20V na 3.25A. Zidisha. Ishirini mara 3.25 ni 65. Laptopu yako inakula hadi wati 65. Nyingine wati 45. Zile za wahariri wa video na wacheza gemu zinapita mia, na hao niwaambie mapema wasisumbuke. Pawa benki itawasaidia kusogeza muda tu.

Namba hiyo ya chaja yako ndiyo unayokwenda nayo dukani. Unatafuta pawa benki yenye tundu la taipu-C, lile dogo la mviringo, na pembeni yake pameandikwa herufi PD, na wati zake zimetajwa: 45, 65, mia. PD ni lugha ya makubaliano. Pawa benki na laptopu vinasalimiana kwanza, vinaulizana: wewe unataka volti ngapi? Nataka ishirini. Haya, chukua ishirini. Pawa benki isiyojua lugha hiyo inakaa kwenye volti tano zake, na laptopu nyingi zinakaa kimya kama zilivyonifanyia mimi.

Kisha kuna waya, na hapa naomba radhi kwa wanaodhani waya ni waya. Waya wa taipu-C wa kawaida unaruhusiwa kupitisha wati sitini. Kuzidi hapo lazima uwe na kijichipi ndani ya kichwa chake kinachojitambulisha, ndizo zile unazoona zimeandikwa 100W au 240W. Mpwa wangu, binti anayesoma chuo, alihangaika wiki nzima na pawa benki nzuri kabisa, laptopu inachaji kwa kusuasua, akaanza kumlaumu muuzaji. Kumbe alikuwa anatumia waya aliopewa bure na spika ya bluetooth. Akabadilisha waya, mambo yakaenda.

Na ukichomeka vitu viwili kwa pamoja, nguvu inagawanywa. Pawa benki iliyoandikwa 65W inaweza kuipa laptopu 65 ikiwa peke yake. Chomeka na simu, laptopu inashushwa labda hadi 45. Si ubovu, ndivyo ilivyotengenezwa, na za waungwana huandika mgao huo kwenye boksi.

Vipi mwenye laptopu ya zamani, ile ya chaja ya pini ya duara? Wengi mnazo, hata mimi ninayo moja inayogoma kufa. Hiyo haina tundu la taipu-C la kuchajia. Zipo nyaya za kugeuza, taipu-C upande huu na pini ya duara upande ule, na zinafanya kazi, ila lazima pini na volti vilingane na chaja yako. Usinunue kwa kukadiria kwa macho. Mpelekee fundi laptopu yenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, na ambalo sijaona muuzaji hata mmoja akilitaja. Tunauliza sana pawa benki inatoa kiasi gani. Nani anauliza inaingiza kwa kasi gani?

Mtu anayeishi mahali ambapo umeme haukatiki, swali hilo halimhusu; ataichomeka akilala, asubuhi imejaa. Lakini wewe na mimi tunajua umeme wa mgao. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, mtambo wake wa kwanza uliingia gridini Februari 2024, na hali si ile tena, tushukuru. Lakini nguzo ya mtaa ikianguka kwa mvua, au transfoma ikilia paa, megawati zote hizo zinakaa Rufiji na wewe unakaa na mshumaa. Na jirani zetu Wakenya, tarehe 25 Agosti 2023, walikaa gizani karibu nchi nzima, mpaka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukazima. Kwa hiyo swali ni hili: umeme ukirudi kwa saa tatu tu, saa nane usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, pawa benki yako itajaa?

Pawa benki ya wati-saa 74 inayojazwa kwa wati kumi, kupitia tundu dogo la kizamani la kuingizia chaji, inahitaji saa tisa, hata kumi kwa sababu ya ule upotevu. Katika saa tatu zako umepata theluthi. Ileile, kama inaingiza wati thelathini kwa taipu-C, saa tatu zinatosha kuijaza au kuikaribia. Ikiingiza sitini, saa moja na nusu tu na kitu. Wanaziuza kwenye rafu moja, na kwenye boksi zote imeandikwa 20,000. Kwa mtu wa mgao, mimi naona ni bora pawa benki ndogo inayojaa upesi kuliko kubwa inayoshinda kwenye ukuta ikisubiri umeme ambao umeshaondoka.

Kwa hiyo soma neno Input kama unavyosoma Output. Tena narudia, maana nimesema hili ni kubwa: soma inaingiza wati ngapi. Na ukinunua inayoingiza wati thelathini, uwe na chaja ya ukutani ya wati thelathini. Ukiichomeka kwenye kichaja cha simu ya batani, itajaa kwa kasi ya kichaja hicho, hata ungeilipia laki tatu.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu zile zenye sola mgongoni. Inavutia, sikatai, unaona kama umeikwepa LUKU. Lakini kile kioo cha sola cha ukubwa wa kiganja hutoa wati moja, wati mbili. Ukiiacha juani saa tano kila siku, elfu ishirini yako itajaa baada ya wiki moja na zaidi. Na kuiacha juani saa tano ndiyo namna nzuri ya kuiua, kwa sababu lithiamu haipendi joto. Ukitaka sola, weka paneli juu ya bati, pawa benki iwe ndani kivulini, waya uunganishe. Nimemaliza.

Kuna wasikilizaji wetu wanaosafiri, wa Muscat, Dubai, wanaokwenda kwa ndugu na wanaokwenda kutafuta. Sikilizeni hapa vizuri. Mipaka ya ndege inahesabiwa kwa wati-saa, ile hesabu tuliyoifanya. Hadi wati-saa mia moja, unaruhusiwa kuibeba mkononi. Kuanzia mia moja hadi 160, mpaka shirika la ndege likubali. Zaidi ya hapo, hapana. Na kamwe usiiweke kwenye begi la kukabidhi. Ndiyo maana kampuni nyingi husimama kwenye 26,800 au 27,000: zidisha kwa 3.7 uone, inagota palepale chini ya mia. Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, wanaruhusu abiria pawa benki moja tu, iwe na maandishi ya uwezo wake, na huruhusiwi kuitumia wala kuichaji ndani ya ndege. Pawa benki isiyoandikwa wati-saa itabaki kwenye ndoo ya ukaguzi nawe ukitazama.

Hawafanyi hivyo kwa kiburi. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado uwanjani Gimhae, Korea Kusini. Watu wote walitoka hai. Wachunguzi walisema kuna uwezekano moto ulianzia kwenye pawa benki iliyokuwa juu, kwenye kabati la mizigo. Na Juni mwaka huohuo Anker, kampuni inayoheshimika katika kazi hii, iliwaita wateja wa Marekani warudishe pawa benki zaidi ya milioni moja za toleo moja kwa hofu ya kuwaka moto. Natoa mfano huo kwa makusudi. Jina zuri linasaidia, lakini tofauti yake kubwa ni kwamba lina anwani: kasoro ikigundulika, kuna mtu wa kukutafuta. Kwa yule wangu wa turubai nilirudi baada ya siku nne, nikakuta pale anauza mtu wa viatu vya mtumba.

Nyumbani basi, usiichaji ukiwa umeilaza kwenye godoro au chini ya mto. Usiisahau juu ya dashibodi ya gari mchana wa Dar es Salaam. Na ukiona imevimba, ganda limeanza kupasua mshono, tumbo limejaa kama mandazi, usiibonyeze, usiitoboe, usijaribu kuichaji mara ya mwisho ili uone. Itoe nje, iweke mbali na vitu vya kuungua, umpelekee fundi mwenye kujua. Nimemwona mtu akiitoboa kwa msumari ili atoe gesi. Alitoa na nyusi.

Sasa yule mpwa wangu. Bumu la chuo lilipoingia, alikwenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, kununua ya kwake. Nilitaka kumsindikiza, akaniambia, "Mjomba, wewe tena? Si una mchanga wako?" Akaenda peke yake. Lakini alifanya jambo ambalo mimi sikulifikiria: alibeba laptopu begani, ikiwa na asilimia ishirini. Muuzaji akamshushia boksi, "Dada, chukua hii, hii inachaji mpaka friji." Binti akatoa laptopu, akaiweka juu ya kaunta. "Friji sina, kaka. Nichajie hii kwanza." Akachomeka. Ya kwanza, kimya. Ya pili, taa ikawaka halafu ikazima, ikawaka, ikazima. Ya tatu ikawaka ikatulia, na pembeni ya kioo cha laptopu kikatokea kialama cha radi. Akasubiri dakika kumi, anahesabu asilimia, muuzaji ameanza kununa, wateja wengine wamesogea kutazama. Akaomba risiti ya EFD, akaomba muhuri wa dhamana ya mwaka mmoja, akalipa laki na kitu. Wateja wawili nyuma yake wakaomba ileile.

Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, yaani dakika mbili. Msikilizaji wa Tanga aliyeuliza kuhusu vile vibetri vya kuendesha ruta ya intaneti umeme ukikatika, sijakusahau. Ni jambo lake peke yake, lina volti tisa na volti kumi na mbili, nikikujibu kwa haraka nitakuunguzia ruta. Nakuwekea wiki ijayo, Mungu akipenda.

Mlioniuliza kama nilirudishiwa hela yangu, sikurudishiwa. Zile seli mbili fundi alizichukua akazitia kwenye tochi ya mlinzi wa mtaa, na inawaka vizuri. Ganda nilimwachia. Kifuko cha mchanga nilikichukua mimi. Kiko hapa juu ya meza ya studio, kimelalia karatasi hizi ninazozisoma ili feni isizipeperushe. Usiku mwema.